Usiku Mmoja Jangwani Oman: Mwongozo kwa Msafiri wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara au Lindi anayetamani kulala kwenye kambi ya kifahari katikati ya mchanga na kupanda ngamia hana haja ya kuanza kuiwaza Sahara. Jangwa lililo karibu naye zaidi kwa lugha, kwa chakula na hata kwa historia liko Oman, ng'ambo ya bahari ileile ambayo majahazi yaliivuka kwa upepo wa kaskazi kuja Kilwa, Lindi na Mikindani, kisha yakangoja kusi ili yarudi. Jangwa hilo huitwa Sharqiya, na ramani nyingi bado huliita Wahiba, kwa jina la kabila la Bani Wahiba. Mchanga wake umeenea kwenye kilomita za mraba zipatazo 12,500, yaani kama robo tatu ya Mkoa wa Mtwara, na matuta yake marefu hukaribia mita mia moja kwenda juu.

Kambi za huko huuza usiku mmoja mmoja. Mgeni aliyejipanga vizuri hufika saa tisa alasiri na kuondoka saa nne asubuhi ya siku ya pili, muda ambao jumla yake ni saa kumi na tisa, na katika hizo saba au nane atakuwa amelala. Anayechelewa saa mbili njiani hulipa bei ileile, lakini hukuta jua limezama, ngamia wamefungwa na chakula kinapoa. Kwa sababu hiyo karibu kila hatua inayofuata hapa inahusu saa, na nyingi kati ya hatua hizo hukamilishwa kabla msafiri hajaondoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: kuchagua mwezi

Msimu wa kulala jangwani Oman huanza mwishoni mwa Oktoba na kuisha Machi. Mwezi Desemba na Januari mchana huwa na joto la nyuzi 25 hivi, ambalo ni nafuu kuliko la Mtwara mjini katika miezi hiyohiyo, lakini kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana linaweza kuvuka nyuzi 45, na hakuna kiyoyozi kinachoweza kukupatia raha ya kupanda tuta katika hali hiyo. Punguzo la bei linalotangazwa katika miezi ya kiangazi cha huko halina maana kwa mtu aliyefuata ngamia na mchanga.

Kwa wakulima wa korosho kalenda hii imekaa vizuri kuliko kwa watu wa mikoa mingine, kwa kuwa minada huanza Oktoba na malipo huingia wakati jangwa linapopoa. Nashauri fedha ya safari itengwe mara tu malipo ya mnada yanapoingia, kabla ya sherehe za jando na unyago na michango ya harusi kuanza kuimega.

Zingatia pia mambo mawili yanayofuata mwezi wa angani. La kwanza ni Ramadhani, ambayo katika miaka hii inaangukia Februari, ndani kabisa ya msimu. Kambi hupokea wageni, lakini huduma za mchana hupungua na mikahawa ya njiani hufungwa hadi magharibi. La pili ni nyota. Anayetaka kuziona achague siku za mwezi mwandamo, wakati anga ni jeusi, na anayependa kutembea juu ya matuta usiku achague siku za mwezi mpevu. Watu wengi hulipia kambi bila kutazama jambo hili, kisha hushangaa kuona nyota chache kuliko wanazoziona Nanyamba.

Hatua ya pili: nyaraka, afya na njia ya kufika Muscat

Pasipoti inapaswa kuwa na angalau miezi sita ya uhai tangu siku ya kuingia Oman. Viza huombwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Polisi ya Kifalme ya Oman, na ni vyema kuomba mwenyewe au kukaa karibu na anayekuombea, kwa kuwa jina lisilofanana herufi kwa herufi na la pasipoti hukuletea usumbufu uwanjani. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ikiwa hujawahi kuchanjwa, fanya hivyo mapema, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote ya mwenye nacho.

Jambo la afya ambalo watu wa Kusini hulipuuza ni malaria. Ukipata homa ukiwa Oman, au hata wiki mbili baada ya kufika, mwambie daktari wazi kwamba umetoka pwani ya Tanzania na uombe kupimwa malaria, kwa maana daktari wa kule haoni ugonjwa huo kila siku kama anavyouona wa hospitali ya Ligula, Mtwara. Dawa zako ziwe kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, hasa dawa kali za maumivu zenye codeine au tramadol, ambazo nchi za Ghuba huzifuatilia kwa ukali.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Muscat huchukua saa tano hadi sita. Tatizo la msafiri wa Kusini liko kabla ya hapo. Mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, na abiria walikwama kwa siku kadhaa. Tangu hapo sipangi kamwe basi la kutoka Mtwara kufika Dar es Salaam siku ileile ya ndege. Ondoka siku mbili kabla, au panda ndege kutoka Mtwara na bado ulale usiku mmoja Dar es Salaam. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko tiketi iliyopotea. Saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja, na ukifika Muscat lala hapo usiku wa kwanza, kwa kuwa anayeshuka kwenye ndege na kuunganisha safari ya jangwani hufika amechoka na kusinzia wakati wa machweo.

Hatua ya tatu: kuichagua kambi

Neno "kifahari" hutumiwa kwa ukarimu mno na wenye kambi. Hema linaweza kuwa na kitanda kipana, mazulia na taa za shaba, huku choo kikiwa umbali wa hatua themanini kwenye mchanga wa usiku. Kwa hiyo picha zisikutoshe. Waandikie na uwaulize kama choo na bafu viko ndani ya hema lako au ni vya pamoja. Kama maji ya moto yapo asubuhi au jioni tu. Kama jenereta huzimwa usiku, na saa ngapi. Kama bei ni ya hema au ya mtu. Na kama chakula cha jioni na kifungua kinywa vimo. Swali la ngamia liulizwe peke yake: je, safari ya ngamia imo ndani ya bei, ni ya dakika ngapi, na inaondoka saa ngapi? Kambi nyingi zikisema "ngamia wapo" huwa na maana ya mzunguko wa dakika kumi na tano mbele ya mahema, ambao unafaa kwa picha, lakini anayetaka kupanda kweli anahitaji saa nzima.

Swali ambalo mimi sikuliuliza mara ya kwanza linahusu usafiri wa kutoka lami hadi kambini. Niliamini kwamba malipo niliyotanguliza yalikuwa yamemaliza kila kitu, nikateremka Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa, na begi langu, na hapo nikaambiwa kwamba shangingi la kunipeleka ndani hulipiwa kando, kwa kila gari na si kwa kila abiria. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nililipa gari zima, na hoja zangu hazikunisaidia kwa sababu sharti hilo lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa ujumbe ambao niliusoma nusu. Uliza basi usafiri huo ni kiasi gani, unaanzia kituo gani, na saa ya mwisho ya kukutana ni ipi.

Bei hutajwa kwa rial, na rial moja ina baisa 1,000. Fedha hiyo imefungwa kwenye dola, ambapo rial moja ni kama dola 2.60, hivyo hema la rial 80 ni dola 208, jambo ambalo kwa shilingi zetu linavuka nusu milioni kwa usiku mmoja. Badilisha kiasi kidogo uwe na noti ndogondogo, kwa kuwa mchunga ngamia na dereva hawatakuwa na chenji, na huduma zetu za kutuma fedha kwa simu hazitakusaidia kitu huko mchangani.

Hatua ya nne: kufunga begi

Begi liwe dogo na laini, si sanduku la magurudumu, kwa maana magurudumu hayaendi kwenye mchanga. Aliyewahi kuvuta sanduku kwenye mchanga mkavu wa Msimbati analijua hilo. Suruali ndefu ya kitambaa laini isiyo na mshono mnene mapajani ni ya lazima kwa atakayepanda ngamia. Mwanamke anayependa dera anaweza kulivaa bila shida, mradi avae suruali au taiti ndani yake, kwa sababu miguu hutanuka juu ya matandiko na upepo haubishi hodi.

Baridi huwashangaza watu wa pwani. Usiku wa Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, na anayeijua baridi ya Newala ya mwezi Julai achukue nguo zilezile: sweta, soksi na kofia ya kufunika masikio. Kanga mbili ni mali. Moja hufungwa kichwani na kufunika pua mchanga unapopeperuka, nyingine hukunjwa na kuwekwa juu ya matandiko chini ya makalio, jambo ambalo litakufaa baada ya nusu saa. Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndala zibaki kwa matumizi ya hemani. Plagi za Oman ni zilezile za pini tatu bapa tunazotumia nyumbani, hivyo huhitaji kununua kibadilishi.

Hatua ya tano: siku ya kuingia jangwani

Kutoka Muscat hadi Bidiyah ni zaidi kidogo ya kilomita 200 za lami nzuri kupitia Ibra, safari ya saa mbili na nusu au tatu. Oman huendesha magari upande wa kulia wa barabara, na kwa mtu aliyezoea kushoto ni busara kukodi gari lenye dereva. Ondoka Muscat kabla ya saa nne asubuhi. Utaonekana umewahi mno, lakini kumbuka kwamba mwezi Desemba jua la Oman huzama saa kumi na moja na dakika ishirini hivi za jioni, zaidi ya saa nzima kabla ya lile la Mtwara kwa saa za ukutani, na mgeni anayepanga siku yake kwa mazoea ya nyumbani hufika gizani.

Hapa nitoe angalizo. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na Mrima wanazungumza Kiswahili safi, na dereva wako anaweza kuwa mmoja wao. Akikwambia "tukutane saa tisa", mwombe akuonyeshe kwenye simu, kwa sababu wengine huhesabu saa kama sisi na wengine wameshazoea hesabu ya Kiarabu na Kiingereza, na tofauti ya saa sita ni kubwa mno kwa safari ya usiku mmoja.

Kwenye mwisho wa lami dereva husimama na kutoa upepo kwenye matairi mpaka yalegee. Tairi lililolegea hupanuka na kukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi, badala ya kuuchimba, na ndiyo kanuni ileile inayomfanya ngamia asizame, kwa kuwa unyayo wake ni mto mpana wa nyama laini na si kwato. Baadhi ya madereva watakuuliza kama unataka kurushwarushwa juu ya matuta kwa mwendo kasi. Hiyo ni biashara ya kando, yenye gharama zake na kichefuchefu chake, na kwa maoni yangu mtu aliyekuja kutafuta utulivu aikatae kwa heshima.

Hatua ya sita: ngamia

Ngamia wa Oman ni wa nundu moja. Nundu hiyo ni akiba ya mafuta, si tangi la maji kama tulivyosimuliwa utotoni. Maji huyanywa kwa mkupuo mmoja, na ngamia mwenye kiu anaweza kumaliza zaidi ya lita mia moja kwa dakika kumi na kitu. Kabla ya kupanda, mzunguke kwa mbali mkiwa na mchunga wake na utazame mabega, kifua na mahali mkanda unapopita. Ukiona kidonda kibichi, omba ngamia mwingine. Ikiwa hakuna mwingine, acha safari hiyo, hata kama umeshailipia.

Mnyama hupandwa akiwa amepiga magoti, miguu yote minne imekunjwa chini ya tumbo. Msogelee kwa ubavuni, mbele ya macho ya mchunga, usipitie nyuma. Weka mguu mmoja upande wa pili kwa haraka na ukae sawasawa kabla hajaambiwa ainuke, kwa sababu wapo ambao husikia uzito na kuinuka bila kungoja amri. Shika kishikio kwa mikono miwili. Simu iwe mfukoni.

Sasa yanakuja mambo ya sekunde nne ambayo ndiyo huwaangusha watu. Ngamia huinua kwanza miguu ya nyuma. Ghafla matandiko yanainamia mbele, shingo yake inakuwa chini yako na unauona mchanga ukikujia usoni, na mwili wako kwa woga unataka kuinama pamoja nao. Usiiname. Egemea nyuma kwa kiwiliwili chote, nyoosha mikono, kaza magoti. Pumzi moja baadaye miguu ya mbele inanyooka, unarudishwa nyuma kwa mtikisiko, na unajikuta umekaa zaidi ya mita mbili juu ya ardhi, ukiwa unatazama juu ya mahema. Wakati wa kushuka mambo hujirudia, kwani hupiga magoti ya mbele kwanza, na wewe huegemea nyuma vilevile. Wapo wanaoanguka wakati huu wa kushuka, wakiwa wameshaachia kishikio ili wapige picha ya mwisho.

Akianza kutembea utagundua kwamba hupeleka miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, kisha ya upande wa pili, na kwa hiyo humyumbisha mpandaji kulia na kushoto kama mashua inayopigwa na wimbi la ubavuni. Aliyewahi kuvuka ghuba ya Lindi kwenda Kitunda kwa mashua siku ya upepo ana faida hapa: legeza kiuno, fuata mwendo, usishindane nao. Anayekakamaa huumia mgongo ndani ya dakika ishirini. Mara nyingi hakuna vikuku vya kuwekea miguu, hivyo mapaja hufa ganzi. Sogeza nyayo kila baada ya muda, na mkiteremka tuta egemea nyuma tena. Mama mjamzito, mtu mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wasipande. Mtoto mdogo asipakatwe; apande akiwa na umri wa kushika mwenyewe, huku mchunga akiwa ameshika hatamu.

Kati ya machweo na macheo, mimi huchagua macheo. Jioni kila mgeni anataka ngamia, foleni inakuwa ndefu na mizunguko inafupishwa. Alfajiri wageni wengi wamelala, wanyama wamepumzika, na umande unaoletwa na hewa ya bahari ya Arabu unaushika mchanga kiasi kwamba hatua za ngamia hazisikiki hata kidogo. Agiza safari hiyo jioni, mara tu unapofika, na taja saa yake.

Baada ya kupanda, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula, na maziwa ya ngamia uyanywe yakiwa yamechemshwa tu. Sababu yake ni virusi vya MERS, vilivyotambuliwa mwaka 2012, ambavyo ngamia anaweza kuvibeba na kumpa binadamu.

Hatua ya saba: jioni na usiku

Utapokewa kwa kahawa chungu yenye hiliki, tende na pengine halua, na hapo mgeni wa pwani yetu hujiona yupo nyumbani. Kikombe hujazwa tena na tena. Ukitosheka, kitikise kidogo kwa vidole wakati wa kukirudisha, nao wataelewa. Chakula cha jioni kinaweza kuwa shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa na kuokwa kwenye shimo la makaa kwa saa nyingi, au harisi, ambayo ukiionja utaitambua mara moja kuwa ni bokoboko.

Kwa anayeswali, kibla hapa hakiko kaskazini kama Mtwara. Kiko magharibi, upande lilikozama jua, na mtu akizoea mwelekeo wa nyumbani ataswali akielekea pasipo.

Panda tuta la karibu kabla ya giza, si baada yake, ili uzijue njia za kushukia na uone taa za kambi zinavyokaa, kwa maana juu ya mchanga kila upande hufanana na mwingine na nyayo zako hufutwa na upepo. Usiku tembea na tochi. Viatu viwekwe juu ya kiti, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge hupenda mahali penye giza na joto. Mtandao wa simu huwa hafifu au haupo kabisa kwenye mabonde kati ya matuta. Wajulishe watu wa nyumbani ukiwa bado Bidiyah.

Hatua ya nane: kuondoka

Kifungua kinywa kiliwe baada ya ngamia, si kabla. Mlipe mchunga bakshishi mkononi mwake mwenyewe, kwa kuwa ile iliyoachwa mapokezi haina uhakika wa kumfikia. Futa tundu la kuchajia simu kwa brashi kavu ya meno kabla ya kuingiza waya, maana punje moja ya mchanga inatosha kuliharibu. Ondoka saa nne, kisha simama tena Bidiyah ili dereva ajaze upepo kwenye matairi. Ni hatari kukimbia kwenye lami yakiwa yamelegea. Ukiwa na siku ya ziada, bonde la Wadi Bani Khalid lenye mabwawa ya maji safi liko karibu, na hapo ndipo pa kuuoga mchanga ulioingia masikioni kabla ya kurudi Muscat.